Kila Mji na Waya Wake

Vijana wangu, siku ile ya kuniaga, mlipokwisha kunipa saa ya ukutani (mtu anayestaafu hupewa saa, kana kwamba sasa ndiyo ataihitaji), mliniomba niandike kazi yetu ya kutengeneza maonyesho ya makumbusho ilivyokuwa kabla ya kompyuta. Nimekaa nyumbani wiki chache tu, na tayari nimetengeneza kila kilichoharibika katika jengo letu, pamoja na viwili vitatu ambavyo havikuwa na ubaya wowote. Jirani wa ghorofa ya chini amenisihi nipumzike. Basi naandika.

Vyeo na mishahara nitaviacha. Wala sitawahesabia kazi zote zilizopita mikononi mwangu, kwa maana nyingi nimezisahau, na nyingine zimenisahau mimi. Nitakuelezeni meza moja tu, ya kwanza. Zilizofuata zote zilikuwa watoto wake.

Niliacha shule mapema. Hakuna aliyenifukuza, dawati langu lilikuwa karibu na dirisha, na dirisha lilikuwa na mengi ya kusema kuliko mwalimu. Baada ya Mapinduzi jamaa zetu wa Unguja walitawanyika, na mimi nilitawanyika kuliko wote. Nilikosha vyombo kwenye meli, nikabeba magunia Marseille, nikafagia sinema moja ya Cardiff ambako nilitazama mwisho wa kila filamu bila kuujua mwanzo wake. London niliingilia upande wa Hayes, ambako kazi za uwanja wa ndege zilikuwa nyingi na hakuna aliyekuuliza umesoma hadi darasa la ngapi. Nilipakia masanduku ghalani, na kila sanduku nililigeuza kwanza nisome linakwenda wapi: Lagos, Karachi, Montreal. Msimamizi alidhani mimi ni mvivu. Kumbe nilikuwa nasafiri. Sikuwahi kukaa mahali pamoja baridi mbili mfululizo. Majani yakianza kudondoka, na miguu yangu inaanza kuwasha.

Jumamosi moja nilikwenda Tooting kutafuta bizari. Dukani nikamsikia Mhindi mmoja mwembamba, kofia ya sufu imemfunika hadi nyusi, akimgombeza muuza duka kwa Kiswahili kile kile cha mjini kwetu.

"Pilipili gani hii, ndugu yangu? Umeikosha kwa sabuni? Haina hata hasira!"

Nilicheka kabla sijajizuia. Akageuka.

"Wewe kijana, wa wapi?"

"Unguja, Mzee."

"Unguja kubwa. Wapi?"

"Malindi."

"Malindi!" Akaiweka pilipili chini. "Harusi za Malindi, taa nani alikuwa akifunga?"

"Sijui, Mzee. Mimi nilikuwa nakwenda kula tu."

"Ulialikwa?"

"Mara nyingine."

"Basi umekula bila mwaliko chini ya taa zangu, wala hukuniambia ahsante. Mgongo mzima? Unaweza kubeba mifuko ya plasta?"

Ndivyo nilivyoajiriwa. Jina lake Bwana Dayal. Alikuwa fundi umeme wa Mji Mkongwe, akahamia Mombasa baada ya Mapinduzi, kisha akaja London peke yake. Mkewe, Mama Hansa, na binti yao walibaki Mombasa wakisubiri ruhusa ya kumfuata. Alikuwa na pasipoti ya Kiingereza, lakini mlango wa Uingereza ulikuwa umeanza kuwa mwembamba kwa watu wa aina yake, na watu wa uhamiaji walimwambia wazi: familia itakuja ikiwa yeye ana kazi ya kudumu na pahali pa kuwalaza. Pahali alikuwa napo, vyumba viwili juu ya duka la nguo hapo hapo Tooting. Kazi alikuwa nayo pia. Ilibaki asiipoteze.

Karakana ilikuwa Tottenham, katika jengo lililokuwa zamani kiwanda cha piano. Paa lake lilikuwa la vioo, na vumbi la plasta lilikuwa limevifanya vioo hivyo vyeupe kama maziwa, hata mwanga wa mchana ukawa unashuka polepole, hauna kivuli, kana kwamba tunafanya kazi ndani ya yai. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni na mfuko wangu begani, nikasahau kuutua. Mbele yangu, kutoka ukuta hadi ukuta, ilikuwapo bahari, bado nyeupe, na kuizunguka pande zote nchi zake, nyeupe pia, na katikati Italia imenyoosha mguu.

"Funga mdomo," alisema Bwana Dayal. "Vumbi litaingia."

Mwenye karakana alikuwa Mista Harding, mtu mpana wa kifua ambaye alizungumza na plasta kwa upole, na watu kwa mkato. Makumbusho moja ya kaskazini ilikuwa imemwagiza meza ya kuonyesha jinsi Roma, mji mdogo wa kando ya mto, ulivyokuja kutawala bahari yote ile na nchi zake. Taa ya kwanza ingewaka Roma. Halafu zingine zingefuata kwa mpangilio wa historia, mji kwa mji, nchi kwa nchi, mpaka meza nzima iwake. Chini ya meza kulikuwa na pipa la shaba lenye meno, likizungushwa na mota ndogo. Kila jino liligusa swichi yake kwa wakati wake. Miaka mia kadhaa ilipita kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, ukiwa hunywi kwa pupa.

Nilijifunza kuchanganya plasta kwa mkono mtupu ili kuvisikia vidonge, na kuacha kukoroga kabla haijaanza kupata joto. Nilijifunza kuwa milima lazima uipandishe kuliko ilivyo, maana ukiipima kwa haki, hata ile mikubwa ya Alpi itakuwa kama ukurutu. Tulitembea juu ya bahari kwenye mbao, kwa soksi, tukiwa na brashi. Rangi ya bahari ilipakwa tabaka baada ya tabaka, nyembamba kama maji ya mchele, na kati ya tabaka moja na la pili ilibidi kusubiri. Kazi ile ya kusubiri niliipenda. Nililala kifudifudi juu ya ubao karibu na Sisilia, nikatazama buluu ikikauka, nikahisi kuwa nikitia kidole kitazama.

Aliyetufundisha historia yenyewe alikuwa Miss Pell, mwanamke mrefu aliyetumwa na ile makumbusho. Alikuja kwa treni kila baada ya muda, na mkoba wa vitabu na mkate wa matango. Wengine walimwogopa. Mimi nilimuuliza maswali mpaka mkate wake ukakauka pembeni.

"Walikuwa wakali kuliko wengine?" nilimuuliza. "Ndiyo maana walishinda?"

"Majirani zao walikuwa wakali vile vile," alisema. "Kila mji ulipigana karibu kila mwaka, kama watu wanavyovuna kila mwaka. Usitazame walivyopigana tu. Tazama walichofanya kesho yake na yule waliyemshinda."

Sikumwelewa. Nilimwelewa baadaye, kwa sababu ya kosa letu.

Bwana Dayal alifunga taa za Italia jinsi alivyojua, jinsi zilivyofungwa taa za harusi zote nilizowahi kula chini yake: kama shanga. Umeme unaingia taa ya kwanza, unatoka, unaingia ya pili, unatoka, unaendelea. Ni kazi ya haraka na waya hauliwi bure. Tulipoziwasha, Italia iling'aa kama uchochoro wa bibi harusi, na sisi wawili tulitazamana, na nina hakika kila mmoja alisikia harufu ya biriani. Miss Pell alikuwapo. Akaomba kuona kwa karibu, akaegemea ukingo wa meza, na taa moja ndogo kusini mwa Roma ikakata. Italia yote ikazimika.

Mista Harding alisema neno ambalo sitaliandika.

Miss Pell akacheka, si kwa kejeli. "Bwana Dayal," alisema, "hivyo ndivyo majirani wa Roma walivyokuwa wamefungana. Shirikisho, mji na mji, mkono kwa mkono. Roma ilipowashinda, jambo la kwanza ililolifanya ni kukata kamba hizo. Ikavunja shirikisho lao. Halafu ikafanya mkataba na kila mji peke yake. Mji huu umepewa masharti haya, ule masharti yale. Wengi hawakutozwa kodi. Walidaiwa askari tu, wapigane pamoja na Roma vita vijavyo na wapate sehemu yao ya nyara. Lakini mji na mji mwenzake hawakuwa tena na la kuambizana."

Bwana Dayal alichungulia waya wake chini ya meza.

"Kila mji na waya wake," alisema.

"Kila mji na waya wake, mpaka Roma."

"Basi huyo Roma alikuwa fundi kuliko mimi." Akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, "Toa zote. Tunaanza upya."

Tulifunga bamba la shaba chini ya Roma, na kutoka kila mji tukavuta waya mmoja hadi kwenye bamba hilo. Waya wote ulikuwa mwekundu, kwa sababu Mista Harding aliupata kutoka jumba la michezo lililokuwa linavunjwa, na huko hawakuwa na rangi nyingine. Ukilala chali chini ya meza ungeona nyuzi nyekundu zinakuja kutoka kila upande na kukusanyika juu ya kifua chako, na katikati yao vitundu vya mwanga, kimya kabisa, huku juu watu wakitembea baharini kwa soksi. Nilisinzia pale si mara moja. Nilikuwa nikifumbua macho sijui nipo nchi gani, nikawa nasubiri kidogo kabla ya kukumbuka, kwa sababu hali ile ya kutojua ilikuwa tamu.

Sasa, kazi ya shanga inahitaji kulehemu kidogo. Kazi ya nyota, kila waya ukija katikati peke yake, inahitaji kulehemu kwingi, na hapo ndipo nilipoiona mikono ya Bwana Dayal. Chuma cha kulehemu ni kama kalamu yenye moto. Unakigusisha, lehemu inayeyuka, unashikilia kimya mpaka igande. Mikono yake haikuweza kushikilia kimya. Ilikuwa inatetemeka, kidogo asubuhi, zaidi mchana. Alikuwa amejua kwa muda. Ndiyo maana alipenda shanga.

"Mzee, una baridi?"

"Nina baridi," alisema. Halafu akaniangalia. "Salum, Harding akiiona mikono hii, mimi nimekwisha. Na mimi nikiwa nimekwisha, Mama Hansa atabaki Mombasa mpaka mtoto aolewe huko. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi lala chini. Nitakufundisha."

Kuanzia hapo tukawa fundi mmoja mwenye miili miwili. Yeye alisimama juu, mikono mfukoni, kama bwana mkubwa anayekagua shamba, na mimi nilikuwa chini na chuma. Alinielekeza kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayepiga soga. Mista Harding alipopita alimwona fundi wake mkongwe akizungumza na kijana anayemshikia tochi.

"Huo ni waya wa mji wa Nola. Pasha waya kwanza, usipashe lehemu. Pasha waya, lehemu itakuja yenyewe. Imekuja?"

"Imekuja."

"Inang'aa au imefifia?"

"Imefifia."

"Basi umeitikisa. Iondoe. Na umwambie mama yako nimesema umeitikisa."

"Mama yangu yuko Dubai, Mzee."

"Mwandikie."

Wakati wa chai Miss Pell aliendelea kutuelezea, na sisi tuliendelea kusonga nje ya Italia. Alisema miji mingine iliyoshindwa Roma iliipa uraia wake yenyewe. Bwana Dayal akashusha kikombe, akakishika kwa mikono miwili, hila yake ya siku zote.

"Unashindwa vita, halafu unapewa pasipoti?"

"Baadhi yao. Wengine walipewa nusu. Wapigane kama raia, walipe kama raia, lakini wasipige kura."

"Hiyo nusu naijua," alisema Bwana Dayal. "Ninayo kabatini."

Miss Pell akatueleza pia jinsi hao washirika wa Italia, baada ya vizazi vya kumwaga damu katika majeshi ya Roma, walivyodai uraia kamili, wakanyimwa, wakainuka kwa silaha. Roma ilipigana nao, na vita vilipokuwa vikali ikaanza kuwapa kile kile walichokiomba tangu mwanzo.

"Si wangewapa mapema," nilisema, "wapumzike wote?"

"Salum," alisema Miss Pell, "ukikutana na serikali ya namna hiyo, uniandikie."

Niliyapenda mazungumzo hayo kuliko chai yenyewe. Nikipanda basi kurudi chumbani kwangu jioni, kichwa kikiwa kimeegemea kioo, taa za London zilipita zikiwa zimelowana, Seven Sisters, Finsbury Park, na mimi nilizihesabu kama miji: hii imeshindwa, hii imetia saini, hii imejengewa barabara na walowezi wakaletwa. Kwamba mfalme mmoja wa Asia aliandika wosia akairithisha Roma nchi yake nzima, hilo lilinikosesha usingizi. Nilijiuliza alisimama dirishani namna gani asubuhi ile, na aliwaambia nini wapishi.

Sisilia ilipita, nchi ya kwanza ng'ambo ya maji, iliyopatikana kwa vita na Karthago, mji mkubwa wa pwani ya Afrika. Hispania ilipita. Majani yakaanza kudondoka, na miguu yangu ikaanza kuwasha. Rafiki yangu mmoja wa melini akaniletea salamu kutoka Rotterdam: kuna kazi bandarini, kuna kitanda, njoo. Nilimwambia Bwana Dayal kuwa nitakaa mpaka meza ikabidhiwe, basi. Alitikisa kichwa. Hakuniomba kitu. Alisema tu, "Ugiriki bado haijalehemiwa," tukaendelea.

Siku ya majaribio alikuja Miss Pell na mabwana wawili wa makumbusho waliovaa makoti mazito. Tulizima taa za karakana, tukafunika vioo kwa magunia. Pipa likaanza kuzunguka. Roma ikawaka, tone moja la manjano kando ya mto. Jirani wa kwanza. Wa pili. Italia ikajaa taratibu, kama nyumba inayoamka.  Bwana mmoja alivua kofia, sijui kwa nini.

Ndipo Miss Pell akaomba tusimamishe. Akawaeleza wageni kuhusu yule jemadari wa Karthago aliyevuka Alpi na tembo, akaingia Italia, akayaangamiza majeshi ya Roma moja baada ya jingine. Alitegemea kuwa washirika sasa wataitupa Roma mkono. Baadhi ya miji ya kusini ilifanya hivyo, Kapua ukiwa mkubwa wao. Lakini mingi ilibaki, na kwa kuwa ilibaki, Roma haikufa.

"Nataka Kapua uzime," alisema, "na wengine wabaki wanawaka. Inawezekana?"

"Inawezekana," alisema Bwana Dayal. "Ni kukata waya mmoja."

"Tukate sasa, tuone," alisema Mista Harding.

Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti.

"Si wewe," alisema Mista Harding. "Yeye."

Alikuwa akimtazama Bwana Dayal, na nilijua ameanza kushuku. Bwana Dayal alinyosha suruali yake kama mtu anayeingia kupigwa picha, akachukua koleo, akajikunja, akapotea chini ya meza. Tulimsikia akipumua. Mle ndani kuna giza, waya wote ni mwekundu, na hakuna hata mmoja uliotiwa alama. Tulikuwa tukiutambua kwa kuutikisa na kuangalia taa ipi imepepesa. Na sasa mwenye kutikisa alikuwa yeye.

Mkono wake ulipogusa bamba, Italia nzima ilianza kutetemeka. Taa moja ilipepesa, na jirani yake, na ya mbali kabisa kule kusini, zikazima na kurudi, zikafifia, zikashika, kama nyota za usiku wenye upepo. Sikuwahi kuona kitu kizuri vile.

Sauti yake ikaja kutoka chini, ya soga, kama kawaida. "Salum. Hii ipi?"

"Nola hiyo, Mzee. Siyo. Sogea kulia kwako."

"Hii?"

"Napoli. Rudi kidogo. Polepole tu, hakuna anayetufukuza."

"Wanasema nini?" aliuliza Mista Harding.

"Anamwomba Mungu, bwana," sauti ilijibu kwa Kiingereza kutoka chini. "Nami namwitikia."

"Hiyo," nilisema. "Hiyo hiyo, Mzee. Usiiachie."

Nadhani alilishika koleo kwa mikono yote miwili. Tulisikia mkato mdogo. Kapua ukazima. Taa zilizouzunguka zikayumba mara ya mwisho, zikatulia, zikabaki zinawaka.

"Ule mtetemo," alisema Miss Pell polepole. "Baada ya kushindwa kule, lazima kila mji ulikuwa ukitetemeka hivyo, ukijiuliza ubaki au uondoke. Mlikusudia?"

 Bwana Dayal alikuwa ametoka, amesimama, amesahau kuiweka mikono mfukoni. Koleo lilikuwa linagongagonga kwenye kifungo cha ovaroli yake, tik, tik, tik, na Mista Harding alikuwa akiiangalia mikono hiyo.

"Tulikusudia," alisema Mista Harding.

Wageni walipoondoka alituita sote wawili, akafunga mlango.

"Tangu lini?" alimuuliza Bwana Dayal.

"Tangu kabla ya Sisilia."

"Na kulehemu kote huku ni kwa huyu?"

"Mikono ni yake. Kazi ni yangu."

Mista Harding alijikuna shingo, akaitazama meza kuliko alivyotutazama sisi. "Basi sikilizeni. Dayal, kuanzia kesho huna ruhusa ya kushika chombo. Utasimama, utasema. Na wewe," akaninyoshea kidole, "nimekwisha kuwaona watu wa aina yako, leo wapo, kesho hawapo. Siwezi kulipa mdomo usio na mikono. Siku utakayoondoka wewe, na yeye anaondoka. Nimeeleweka?"

Alieleweka. Nilitembea peke yangu hadi mto Lea, pale nyuma ya karakana, nikatazama maji ya kahawia yakienda yalikokuwa yakienda. Kweli nilikasirika. Nilikuwa nimevuka nusu ya dunia bila mtu kunifunga, na sasa nimefungwa kwa maneno machache na mtu ambaye hakuwa amepandisha hata sauti. Bwana Dayal alikuja akasimama kando yangu.

"Nenda Rotterdam," alisema. "Mimi nitajua la kufanya."

"Utafanya nini?"

"Nitajua."

"Mzee, wewe hata chai huwezi kubeba."

"Na wewe hata lehemu huwezi kuitia bila kuitikisa. Nenda."

Sikwenda wiki ile. Nilijiambia, nitasubiri mpaka Mama Hansa aingie tu; akishaingia, hawawezi kumrudisha. Tulitengeneza upya jino la Kapua. Tukahangaika kumfanyia Miss Pell mtetemo wake kwa mota, maana aliutaka kabisa. Tulijaribu sumaku, tukajaribu kipande cha mpira, na mashine ikawa inatetemeka kama mashine. Bwana Dayal alisimama juu akituambia hivyo sivyo, hivyo sivyo, mikono yake ikiwa nje mbele ya watu wote, na hakuna aliyeiangalia tena. Tulifika Ugiriki. Tulifika Misri. Ruhusa ikatoka tukiwa tunapaka rangi Galia, Ufaransa ya leo.

Alinitaka twende wote uwanja wa ndege. Alisema ni kwa ajili ya mizigo. Tulisubiri kwenye uzio muda mrefu, yeye amevaa tai, anasoma kila jina la mji kwenye ubao na kunisomea mimi kama vile sijui kusoma. Kisha akauacha ubao. Mwanamke mfupi aliyevaa sari na juu yake koti la kiume alikuwa anakuja, akisukuma kitoroli, na msichana wa miaka kama kumi pembeni yake.

Hawakukumbatiana, hawakuwa watu wa kukumbatiana mbele za watu. Mama Hansa alisimama, akamwangalia mumewe kutoka kofia hadi viatu, kisha akaichukua mikono yake miwili. Akaishika. Akangoja itulie, na haikutulia.

"Nini hii?" aliuliza.

"Baridi ya hapa," alisema. "Utaizoea."

 Mama Hansa hakuiachia. Akaigeuza huku na huku, taratibu, kama mtu anayesoma.

Msichana alikuwa ananitazama mimi.

"Wewe ndiye Salum?"

"Ndiye mimi."

"Baba ametuandikia kwamba wewe huondoki."

Nilimtazama Bwana Dayal. Alikuwa akiangalia ubao wa ndege kwa bidii kubwa. Sikuwa nimemwambia hivyo, wala yeyote mwingine. Kwenye kitoroli kulikuwa na masanduku matatu yaliyofungwa kwa kamba ya mkonge, na moja lilikuwa kubwa kuliko mengine yote.

"Lete hilo kubwa," nilimwambia yule msichana, nikaliinua.

Baridi ile nikaimaliza Tottenham, na iliyofuata pia.